Kazi ya Ukili Nayo Ihesabiwe Kazi

Mtu akipita katika vijiji vyetu vya Unguja na Pemba baada ya sala ya alasiri, atawakuta kinamama wamekaa barazani au chini ya mwembe, miguu wameinyoosha, na mikononi mwao ukili unakwenda. Mazungumzo hayakatiki. Mtoto anabembelezwa, chungu jikoni kinasikilizwa, mpita njia anaitikiwa salamu yake, na vidole vinaendelea kupishanisha ukindu bila ya macho kuvitazama. Mgeni akiuliza wanafanya nini, jawabu aghalabu ni lile lile: "Hatufanyi kitu, tumekaa tu."

Jawabu hilo la adabu ndilo lililotufanya tushike kalamu leo. Maana msusi akishasema kuwa hafanyi kitu, mchuuzi hukubaliana naye upesi sana, na bei huipanga kwa kufuata maneno yake. Afisa anayejaza fomu za kaya naye, akifika kwenye nafasi ya kazi, huandika "mama wa nyumbani" akageuza ukurasa. Hivyo ndivyo kazi inayoleta nyumbani fedha za madaftari, za viatu vya skuli na za dawa inavyokosa kuonekana katika hesabu za nchi. Na kisichoonekana katika hesabu hakitengewi fungu.

Na tuanze kwa kuieleza kazi yenyewe, kwa faida ya wale ambao mkoba huuona ukiwa tayari umetundikwa dukani. Ukindu hukatwa ungali kuti changa, kabla jani halijakunjuka, na mkataji ajue kiasi, kwani mkindu ukikatwa mno hudhoofika na mwakani hautoi kitu. Majani hupasuliwa, hutandazwa juani siku kadhaa na kuanuliwa kila jioni yasipate umande, mpaka yawe meupe. Yatakayotiwa rangi huchemshwa katika sufuria pamoja na rangi ya unga, yakageuzwageuzwa ili yaive sawasawa, kisha yakaanikwa tena. Hapo ndipo huchanwa, na hapo ndipo penye siri ya ufundi: chane ikiwa nyembamba ukili huwa mzuri zaidi, na siku huliwa nyingi zaidi. Ukili hupimwa kwa pima. Pima zikishatimia, ncha zilizochomoza hupunguzwa, ukili ukazungushwa na kushonwa kwa shazia, ukatoka mkeka, au mkoba, au kawa la kufunikia chakula, au msala, au kipepeo cha kupepea moto. Hatujazungumza bado juu ya nakshi. Wako mafundi wanaosuka maneno ndani ya mkeka, herufi kwa herufi, kwa kuhesabu chane za rangi na chane nyeupe bila ya kuandika popote.

Kofia ya mkono nayo ina habari yake. Kitambaa cheupe hukatwa vipande viwili, kimoja cha duara cha juu na kimoja cha kuzunguka kichwa. Hutiwa kitambaa cha ndani, huchorwa nakshi kwa penseli, kisha viua hutobolewa kimoja kimoja, na kila tundu huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka lisimame imara. Kofia moja ina mamia ya matundu ya namna hiyo. Kofia ya kawaida hula wiki. Kofia nzuri hula miezi, khasa kwa mshonaji ambaye pia anapika, anateka maji na analea. Ni kofia inayofahamika Lamu, Ngazija na Oman, ambako ndugu yake huitwa kumma, na mwenye jicho huweza kutambua kwa kuitazama tu kama imepita katika sindano ya mtu au katika cherehani.

Sasa tufanye hesabu, na hii ni hesabu ya mfano tu. Kila msomaji mwenye mama au dada msusi aisahihishe kwa bei za kijijini kwake. Tuseme ukindu na rangi za mkoba mmoja zimegharimu shilingi 4,000. Tuseme saa zote za kuchana, kusuka na kushona, zikiunganishwa, zimefika siku 5 za kazi. Mchuuzi anakuja mlangoni na kutoa shilingi 12,000. Ukiondoa gharama zinabaki shilingi 8,000, sawa na shilingi 1,600 kwa siku. Hapana kibarua wa kupakia mchanga atakayeinua beleshi kwa fedha hiyo. Dukani mkoba ule ule, ukishatiwa bitana na mikono ya ngozi, tuseme unauzwa shilingi 60,000.

Hatusemi kuwa mwenye duka ni mwizi. Yeye ana kodi ya chumba, ana leseni, ana umeme, na mkoba huweza kumkalia ukutani miezi mitatu mpaka rangi ikapauka. Twajua pia kwamba bila ya mchuuzi mikoba mingi isingetoka kijijini. Tunaloliuliza ni kwa nini katika mlolongo wote huo kila mtu analipwa kwa wakati wake isipokuwa aliyeutumia wakati mwingi kuliko wote. Na lipo jambo baya zaidi kuliko bei ndogo, nalo ni mtindo wa mali kauli. Msusi huacha mikoba 10 dukani kwa ahadi kuwa atalipwa itakapouzwa. Akirudi baada ya mwezi huambiwa miwili tu ndiyo iliyouzwa, arudi tena. Akirudi tena mwenye duka hayupo. Nauli za kufuatilia fedha hizo humla faida yote, na mwisho huona haya kudai. Huyo ndiye mfanyakazi ambaye, pasipo kuandikwa popote, anamkopesha mtaji mfanyabiashara mwenye duka mjini. Benki ikiombwa mkopo wa namna hiyo hutaka hati ya nyumba.

Wateja hawakosekani. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 1,889,773 katika visiwa vyetu. Mwaka 2023 walitufikia wageni zaidi ya 638,000, na mwaka 2024 wakapindukia 736,000. Takriban kila mmoja wao hutaka kuondoka na kitu mkononi, cha kumpa mama yake au cha kuweka juu ya meza kwao. Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una vichochoro ambavyo duka limegusana na duka, na mlango kwa mlango pametundikwa vitu vya kupamba na vya kuvaa. Lakini aingiaye humo na kuuliza kwa utulivu kipi kimetengenezwa visiwani, atapata jawabu la kusikitisha. Vinyago vimetoka bara, picha za tingatinga asili yake ni Dar es Salaam, bangili zimetoka Kenya, na kofia nyingi zimefika kwa makontena kutoka viwanda vya Asia. Hatuna kinyongo na fundi wa Kimakonde wala na mchoraji wa bara. Hao ni ndugu zetu na kazi zao zina heshima yake. Kinachotukera ni kofia ya mashine iliyosafiri baharini wiki kadhaa, ikapigwa chapa ya "Zanzibar" na kukaa ubavu kwa ubavu na kofia ya mkono, ikauzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake. Mgeni hana namna ya kujua tofauti. Mshonaji wetu ndiye anayeonekana ana bei kali.

Na kabla hatujamlaumu mgeni, tujitazame wenyewe. Nani kati yetu, wasomaji wanaume, aliyekwenda sala ya Idi iliyopita kwa kofia iliyoshonwa kwa mkono? Wachache. Harusini nako, mahali pa koja la asumini na kikuba cha mrehani kilichofungwa asubuhi ile ile na mikono ya shangazi, siku hizi tunaona maua ya plastiki yasiyonuka chochote, ati kwa kuwa hayanyauki. Tunayasema haya bila ya kutaka kumkera bibi harusi yeyote.

Lipo tukio moja ambalo lilipaswa kuifufua kazi ya ukili, nalo likapita hivi hivi. Mwaka 2006 Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, miaka mingi kabla ya Tanzania Bara, ambako marufuku ilianza kutumika tarehe 1 Juni 2019. Ilikuwa hatua ya kupongezwa, na visiwa vyetu vilitangulia mbele ya nchi nyingi kubwa. Wengi tulitaraji kuwa sasa kila mtu atakwenda sokoni na kapu lake, kama walivyokwenda bibi zetu, na kwamba msusi wa kikapu cha kawaida, kile kisicho na rangi wala mapambo, atapata soko la kila wiki pasipo kumngoja mtalii. Haikuwa hivyo. Pengo lililoachwa na plastiki lilizibwa na mifuko ya kitambaa cha kiwandani inayotoka nje, na msusi akabaki barazani kwake. Sababu ni kwamba marufuku ile ilitazamwa kama habari ya taka tu. Wizara zilizoshughulikia mazingira zilifanya kazi yao. Zile za biashara na za ushirika hazikuja na lao. Hakuna aliyekwenda vijijini kuuliza kikapu cha sokoni kinaweza kusukwa kwa bei gani, kwa wingi gani, na kwa ukubwa upi unaochukua samaki, mbatata na mchicha bila ya kukatika mikono. Tungekuwa na jawabu la swali hilo mwaka 2006, leo Darajani pangekuwa na sura nyingine.

Pwani ya mashariki ya Unguja ilikwisha kuonesha jinsi kazi ya nyumbani inavyofifia. Huko kinamama walikuwa wakifukia makumbi ufukweni, maji ya kujaa na kupwa yakayalainisha kwa miezi, kisha wakayafukua, wakayaponda na kusokota kamba za usumba. Ilipoanza biashara ya mwani mwaka 1989, wengi waliiacha kamba wakaingia majini, kwani mwani ulilipa fedha kwa kilo na kwa haraka. Hawakukosea. Mtu hukimbilia palipo na malipo. Binti wa leo naye anayekataa kujifunza kusuka hafanyi hivyo kwa uvivu wala kwa kudharau wazee, kama inavyosemwa mara kwa mara katika mikutano. Amepiga hesabu ile ile tuliyoipiga juu, ya shilingi 1,600 kwa siku, na amepiga sawasawa.

Kwa wasusi na washonaji wenyewe nao tuna neno, na tunaomba lipokewe kwa moyo mkunjufu. Mkoba unaoachia rangi nyekundu katika nguo nyeupe ya mteja siku ya mvua unaharibu jina la mikoba yote. Rangi ichemshwe mpaka ishike, na mkoba wa kwanza wa kila rangi ujaribiwe kwa maji kabla haujauzwa. Vipimo navyo: mwenye hoteli akiagiza vikapu 40 vya kuwekea taulo, hutaka 40 vinavyolingana, siyo kila kimoja na tumbo lake. Kijiti cha kipimo hakina gharama. Tena kuna habari ya ahadi. Oda ikikubaliwa kwa mwezi wa Mfunguo Tisa iwe tayari mwezi huo, au aliyeagiza apewe habari mapema. Tunajua kuwa misiba na harusi hazingoji oda. Ndiyo sababu tunasisitiza watu wafanye kazi kwa vikundi, mmoja akikwama wengine waendeleze. Vikundi hivyo vikiwa na daftari moja la mikoba iliyotoka, dukani kwa nani na tarehe gani, mali kauli itapungua meno. Bora zaidi kikundi kikatae kabisa kuacha mali bila ya robo ya bei kulipwa papo hapo. Mtu mmoja akikataa, mwenye duka huenda kwa jirani yake. Kijiji kizima kikikataa, atatoa robo.

Vipo pia vitu ambavyo havifai kutengenezwa hata vikiwa na soko. Bangili na vichana vya magamba ya ng'amba ni miongoni mwa hivyo. Kasa wa baharini wote wamewekwa katika daraja la ulinzi wa juu kabisa la mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mgeni anayekamatwa na kipande cha gamba katika uwanja wa ndege wa kwao hupoteza kitu chake na pengine hutozwa faini. Kisha huwasimulia wenzake alikinunua wapi. Anayetaka urembo wa pwani anazo shanga, vifuu vya nazi na mbegu za miti, ambavyo vikisuguliwa vizuri hupendeza bila ya kumuua mnyama.

Tugeukie Serikali, kwani ndiyo iliyo na uwezo wa kufanya baadhi ya mambo haya bila ya kungoja mfadhili. La kwanza ni alama. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Zanzibar ya mwaka 2008 imefungua mlango wa kusajili viashiria vya asili ya kijiografia, yaani jina la pahala lilindwe pamoja na kitu kinachotoka pahala hapo. Karafuu imezungumzwa sana kwa njia hiyo, na inastahiki. Lakini mkoba wa ukindu na kofia ya viua nazo zina pahala pake na watu wake, na mlango huo ni wao pia. Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali awafuate wasusi walipo, badala ya kungoja mwanamke wa Micheweni au wa Kizimkazi apande gari mpaka mjini kutafuta fomu asiyojua jina lake. Alama yenyewe iwe rahisi: kipande kidogo kilichoshonwa ndani ya mkoba kikitaja kijiji ulikosukwa. Na anayepiga chapa ya Zanzibar juu ya kofia iliyotoka kiwandani ng'ambo aulizwe na sheria, kama anavyoulizwa anayechanganya unga na mchanga.

La pili ni mikindu yenyewe. Ardhi inapofyekwa kwa majenzi, mikindu huondoka pamoja na vichaka, maana katika karatasi za mradi huhesabiwa kuwa pori. Kwa msusi lile ndilo ghala lake. Wanaosimamia misitu wangeweza kuotesha mikindu pamoja na miti mingine wanayoigawa kila msimu wa mvua, na masheha wakapewa jukumu la kujua mikindu ya shehia iko wapi na inakatwa kwa utaratibu gani. Bei ya ukindu ikipanda, kile kidogo anachobakiza msusi ndicho kinachopungua kwanza, kwa kuwa mchuuzi haongezi kitu.

La tatu ndilo tunalolitilia mkazo kuliko yote, nalo ni ununuzi wa Serikali yenyewe. Kila mwaka hufanyika katika visiwa vyetu mikutano, semina na makongamano mengi. Kila mjumbe hukabidhiwa mfuko wa nailoni wenye zipu, ndani yake kalamu na daftari, na zipu hukatika kabla ya chakula cha mchana. Tumepata kuona mkutano uliokuwa ukizungumzia kuwainua wanawake wa vijijini kiuchumi, na meza nzima imejaa mifuko hiyo. Hatudhani kuwa aliyeiagiza alikusudia mzaha. Aliagiza alichozoea, kwa muuzaji aliyemzoea, siku tatu kabla ya mkutano, na kwa siku tatu hakuna kijiji kinachoweza kusuka mikoba 200.

Basi dawa iko katika kalenda. Mikutano mikubwa hujulikana mwaka mzima kabla. Maonesho ya biashara yanayoambatana na sherehe za Mapinduzi hayajapata kuhama kutoka Januari. Wizara ikitoa oda yake mwezi wa Julai, pamoja na malipo ya awali ya kununulia ukindu na rangi, vikundi vya Pemba na vya Unguja vina miezi sita ya kufanya kazi bila ya pupa, na bei inaweza kupangwa kwa kuhesabu siku. Fedha ya zawadi kwa wageni wa kiserikali, ambayo hutumika vyovyote vile, ingenunua kofia iliyochukua miezi miwili badala ya sanamu ya kioo iliyotoka ng'ambo. Hoteli nazo, ambazo huomba vibali kwa Serikali hiyo hiyo, zingeulizwa kwa upole vikapu vya vyumbani mwao vimetoka wapi.

Kwa hiyo tunaomba ofisi moja tu ianze, yoyote iliyo tayari, kwa mkutano mmoja ulio katika ratiba ya mwaka ujao. Mikoba ihesabiwe, vipimo viandikwe, robo ya bei ilipwe siku ya kuagiza na iliyobaki siku ya kupokea, mkononi mwa waliosuka, mbele ya sheha. Daftari la malipo hayo likishafungwa tungependa kulichapisha katika safu hii, pamoja na majina ya vijiji na idadi ya siku zilizotumika kwa kila mkoba.